Mama, Jina Lako Lipo Ukurasa wa Kwanza

Nyaishozi, Karagwe
Jumatatu, baada ya kuanika kahawa

Mpendwa Mama,

Leo nimeanika kahawa mapema ili nipate asubuhi nzima ya kukuandikia. Wingu limekaa upande wa bondeni lakini bado halijaamua, kwa hiyo nitakuwa nainuka mara kwa mara kuangalia mikeka. Unanijua. Siwezi kutulia mezani wakati kuna kitu kinaweza kunyeshewa nje.

Jumamosi nilikuwa Kamuli. Niliporudi nilifungua daftari langu, nikaandika tarehe juu kama kawaida, kisha nikashindwa kuendelea. Miaka yote hii nimeliandikia daftari kila kitu: mvua, wageni, nani anaumwa, maharage yamepandwa upande gani wa kibanja, katikati ya migomba. Lakini jambo la Jumamosi ni lako. Kuliandika humo kabla hujalisikia ni kama kupokea barua yako njiani na kuifungua mwenyewe. Na kwa kuwa kosa nililokukosea lilichapwa na kugawiwa kwa watu, barua hii nayo naiacha wazi. Anayetaka kuisoma na aisome.

Nianzie mbali kidogo, siku nilipougua surua.

Nilikuwa sijaanza shule. Kaka zangu walikuwa wameenda kuchuma kahawa na baba, nawe ulibaki nyumbani kwa ajili yangu. Ulikuwa umekaa nyuma ya nyumba unamenya ndizi, nami nimelala kwenye mkeka karibu yako, macho yananiuma kwa jua. Nikakuomba hadithi. Hukunitazama hata.

"Hadithi mchana huu? Kisha ndizi ziive na nini?"

Kwetu ilikuwa hivyo. Mama anayesimulia hadithi jua likiwaka, ndizi zake hazilainiki. Zitabaki ngumu chunguni hata kuni ziishe zote. Nililijua hilo kama nilivyolijua jina langu. Lakini nilikuwa mgonjwa, nikalia, tena kile kilio cha chinichini kisichokoma. Ukaweka kisu chini. Ukanibeba mgongoni na mkeka wangu, ukaniingiza jikoni, ukafunga mlango. Kisha ukakata kipande cha jani la mgomba, ukakikunja, ukakisokomeza kwenye kile kidirisha cha moshi mpaka nuru ikaisha. Ukaketi. Nilisikia goti lako likilia.

"Haya," ukasema kwa Kinyambo. "Sasa ni usiku."

Nje jogoo alikuwa anawika. Watu walikuwa wanasalimiana njiani, shikamoo, marahaba, za kwako. Sisi wawili tulikuwa usiku.

Ndipo ukanisimulia ya mtoto aliyetumwa moto. Zamani, kabla viberiti havijazoeleka, moto ukizimika nyumbani mama alimtuma mtoto kwa jirani na kigae cha chungu, akalete makaa. "Palikuwa na mtoto mmoja," ukasema, "anaitwa Kemilembe."

Nikainua kichwa. "Kemilembe gani?"

"Kwani unamjua mwingine?"

Basi mimi Kemilembe nikaenda, nikavuka bonde, nikapewa makaa yangu yamefunikwa majivu. Njiani nikakutana na bibi anayetetemeka kwa baridi, akaniomba kaa moja, nikampa. Nikakutana na mhunzi ambaye moto wake umelala, nikampa. Nikakutana na mwanamke aliyejifungua jana, nikampa na yeye. Nilipokaribia nyumbani nilibakiwa na kaa moja tu, na mvua ikanyesha ikalizima. Nikasimama njiani nalia na kigae changu kilichojaa majivu mabichi. Halafu nikanusa moshi. Nikageuka nikaona nyumba ya yule mzazi, pale pale nyuma yangu, inafuka. Sikulazimika kurudi mpaka ng'ambo ya bonde. Moto ulikuwa jirani.

Hukuniambia maana yake. Ulizibua dirisha, ukatoka ukamalizia kumenya. Ndizi za siku ile ziliiva vizuri kabisa, ukaniambia kwa sauti ndogo nisiwaambie kaka zangu.

Nimeangalia mikeka. Bado pakavu.

Unakumbuka nilipomaliza kidato cha nne nikawa mwalimu msaidizi wa chekechea ya usharika, na miaka kadhaa baadaye nikapelekwa Kayanga kwenye semina ya kutengeneza vitabu vya watoto? Ulinifungia kahawa ya kutafuna kwenye kitambaa ili nisisinzie. Nilirudi na rula mpya, nikiwa nimejifunza kukunja karatasi ya manila itoe kurasa nane, kutoboa kwa msumari, na kushona mgongo wa kitabu kwa sindano ya magunia. Nilifurahi kupita kiasi. Hatimaye nilikuwa nimepata kazi inayotaka mtu anayepanga mambo.

Nikaandika hadithi ya moto. Niliitoa kwenye Kinyambo chako nikaiweka kwenye Kiswahili changu cha shule, nikachora na picha. Kwenye ukurasa wa tatu nilichora mgomba wenye mkungu. Nilikuletea uone. Uliinamia ule ukurasa muda mrefu, kisha ukaanza kucheka mpaka ukashika mlango.

"Huu mkungu umefiwa na nani?"

"Mama, una nini?"

"Ndizi zako zinaangalia chini kama chuchu za mbuzi! Umekula ndizi tangu uzaliwe, hujaziangalia hata siku moja? Zinaangalia juu, mwanangu. Mkungu unaning'inia, lakini ndizi zenyewe zinaangalia juu."

Nilitoka nje kuhakikisha. Kwa kweli zilikuwa zinaangalia juu, vichana vyote, kibanja kizima. Nilirudi nikauchora upya ukurasa, nikakusomea tena kitabu chote, ukasahihisha na mengine: kigae hakishikwi kwa mkono mmoja, majivu hutangulia kabla ya kaa, mzazi wa jana hakai mlangoni. Kila ulichosema nilikiandika. Ulikuwa unamenya ndizi na kutunga kitabu kwa wakati mmoja, nami sikuliona hilo.

Wenye semina walikipenda. Kikachapwa kwenye steshenari ya mjini, nakala chache, zikapelekwa chekechea kadhaa. Nikakuletea ya kwako.

Hapa ndipo pagumu, kwa hiyo nitaandika polepole.

Ulikuwa umekaa barazani. Binti yangu Neema alikuwa darasa la pili, anasoma kila kitu anachokiona, hata maandishi ya gunia la mbolea. Ukampa kitabu ukamwambia, "Nisomee kila kilichoandikwa. Usiruke hata kimoja." Akaanzia kwenye jalada. Akasoma jina la hadithi. Akasoma, "Kimetungwa na Kemilembe." Akafungua ndani: "Palikuwa na mtoto mmoja, anaitwa Kemilembe." Akakunja uso.

"Bibi, mbona hapa si Neema?"

Nilidhani mtoto amechanganyikiwa. Nikamwambia, "Soma kilichoandikwa." Akasoma mpaka mwisho. Wewe ukachukua kitabu, ukakigeuza nyuma, ukakigeuza mbele, ukapitisha kidole kwenye jalada.

"Na mimi nimeandikwa wapi?"

Mama, nilikujibu upesi, kama mtu aliyejifunza jibu semina. Nilisema, "Mama, mtunzi ni yule anayeandika."

Kisha ukainuka, ukachukua kisu chako. "Haya, mwandishi. Ndizi za mchana nizimenye, au utaziandika?"

Neema akacheka, mimi nikacheka, na wewe ukacheka. Kwa hiyo nikajiambia yamekwisha. Usiku nikaandika kwenye daftari mstari mmoja: Mama amefurahi sana na kitabu. Ndivyo ilivyoandikwa, kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri.

Lakini hukuisimulia tena ile hadithi. Watoto wa jirani wakija kukuomba, ulikuwa unawaelekeza kwangu kwa kidole. "Muulizeni mwenye jina." Ulilisema kwa utani, kila mara kwa utani, na kila mara lilinifikia. Nikaamua kitabu kitachapwa upya, chenye jina lako. Nikaliandika kwenye orodha yangu ya kazi za wiki: kuweka jina la Mama. Wiki ikaisha sijalifanya, nikalihamishia wiki iliyofuata. Nilikuwa na sababu kila mara: palizi, msimu wa kahawa, mtihani wa Neema. Nililihamisha vizuri sana, Mama, kutoka ukurasa hadi ukurasa, bila kulisahau hata mara moja. Halafu ukaugua. Kwenye orodha ya wiki tuliyokuzika, lilikuwa la nne.

Baada yako niliacha vitabu. Rula niliiweka juu ya kabati. Watu walidhani ni majonzi, nami niliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu majonzi yanaheshimika.

Aliyenirudisha ni Aneth, mwalimu wa chekechea kutoka Kamuli, msichana mwembamba asiyejua kuzunguka maneno. Alikuja na pikipiki, akakataa chai, akasema, "Dada, nina watoto wengi na kitabu kimoja. Chenyewe kina picha ya treni. Wananiuliza kama ni nyoka." Nikamwambia siandiki tena. Akanijibu, "Sijasema uandike. Nimesema utufundishe tuandike."

Nikaenda. Unajua kwa nini nilikubali Kamuli kirahisi? Kwa sababu ya shangazi yako aliyekuwa anaishi huko. Ulipenda kusema kwamba kabla hujaolewa ulikuwa unaenda kwake kila msimu wa kuchuma kahawa, na kwamba kahawa ya Kamuli inajaza kikapu ukiwa bado unaongea.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Nilikuwa nimepanga kila kitu: karatasi zimekatwa, uzi umepimwa, gundi ya unga wa muhogo iko kwenye kopo. Akina mama walikuja na walimu wawili watatu, tukakaa chini ya paa la chekechea saa nne asubuhi. Nikasema, "Haya, kila mmoja asimulie hadithi aliyosimuliwa utotoni." Kimya. Nikarudia. Wakaangalia miguu yao. Nikaanza kudhani hawanitaki.

Ndipo mama mmoja mtu mzima, Ma Justa, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akanionea huruma. "Mwalimu, shikamoo zako tumezipokea, na karatasi zako ni nzuri. Lakini jua liko wapi?"

"Jua?"

"Nakuuliza tu. Liko wapi?"

Mwingine akadakia, "Anataka leo tukale mawe!" Wakacheka wote.

Nilisimama pale na rula yangu mkononi, na ghafla nilisikia goti lako likilia gizani. Nikamuuliza mwenye nyumba ya jirani kama tungeweza kuazima jiko lake. Tukaingia tumebanana kama mahindi gunzini. Nikafunga mlango. Nikachukua jani la mgomba, nikaziba dirisha. Nikasema, "Sasa ni usiku."

Ma Justa alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Kisha akasema, "Haya, kama ni usiku, nani anaanza?" Na hawakunyamaza tena.

Tangu hapo ndivyo tunavyofanya kazi, Kamuli na baadaye Isingiro. Tunasimulia jikoni mlango umefungwa, kisha tunatoka kwenye mwanga kuandika, kuchora na kushona. Ninaye baba mmoja wa Isingiro aliyekataa kabisa kushika sindano, akisema kushona ni kazi ya mke wake. Wiki iliyofuata alikuja na koti zito siku ya joto. Ndani ya koti alikuwa ameficha kitabu kuhusu ng'ombe wake mkorofi, amekishona mwenyewe kwa kamba ya mgomba kwa sababu alishindwa kumwomba mke uzi bila kueleza. Mkewe alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alicheka mpaka akajifunika kanga usoni, kisha akamwomba amsomee.

Mama, kitabu changu kilipotoka nilikitazama siku nyingi, na kila nikikitazama nilikuwa nikitafuta makosa. Vya kwao siwezi kuvitazama hivyo. Mtu akimaliza kufunga fundo la mwisho, ananyanyua kitabu chake, anakifungua na kukifunga, anakifungua na kukifunga, kama mtu anayejaribu mlango wa nyumba mpya. Ninapenda kusimama pembeni nikiuona mkono ule. Nimekaa na wino miaka mingi nikitafuta furaha ya namna hiyo kwenye vya kwangu. Ilikuwa kwenye vya watu.

Nilikuwa mkali kwa jambo moja tu. Ukurasa wa kwanza, kabla ya picha yoyote, lazima uwe na mistari minne: msimulizi, mwandishi, mchoraji, na aliyempa msimulizi hadithi hiyo. Usipojaza, hushoni. Walinilalamikia. "Mwalimu, unatuhoji kama polisi." Sikuwaambia sababu. Ma Justa, ambaye hakwenda shule, alijifunza herufi za jina lake tu ili ajaze mstari wake mwenyewe. Alizifanyia mazoezi kwa kijiti kwenye vumbi mbele ya mlango, na kuku wakapita juu ya herufi, akawatukana vizuri sana.

Hapo mvua ilinitania, matone machache, nikakimbia nikakusanya, likatoka jua. Nimeanika upya. Tuendelee.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Ma Justa. Tulikuwa jikoni, mimi nimekaa karibu na mlango ambako kuna mstari wa mwanga, daftari gotini, niandike anavyosema. Akakohoa.

"Palikuwa na mtoto mmoja, anaitwa Justa. Moto ulizimika kwao, mama yake akamtuma kwa jirani na kigae."

Nikaacha kuandika. Nilimsikia akivuka bonde. Nilimsikia akimpa bibi, akimpa mhunzi, akimpa mzazi wa jana. Majivu yalitangulia kabla ya kaa. Kigae alikishika kwa mikono miwili. Na hisia yangu ya kwanza, Mama, nakuambia ilivyokuwa, ilikuwa ya wivu. Nilitaka kusema: hiyo ni yangu, imeshaandikwa, ina jalada. Nilifungua hata mdomo.

Alipomaliza, nilishika ile sheria yangu kwa kuwa sikuwa na kingine cha kushika. "Ma Justa, mstari wa nne. Ulipewa na nani?"

"Na Paskazia."

"Paskazia yupi?"

"Wa kwenu huko, Nyaishozi. Alikuwa anakuja kwa shangazi yake kuchuma kahawa, hajaolewa bado. Mimi nilikuwa mdogo, nimejikata mguu kwa jembe, wenzangu wote wako shambani, nalia mchana kutwa. Akachoka na kelele zangu. Akanibeba akanitia jikoni, akaziba dirisha kwa jani. Akasema, sasa ni usiku." Akageukia nilipokaa. "Siku ile ya kwanza ulipoziba dirisha nilijiuliza, huyu mtoto mambo haya kayatoa wapi?"

Nikasema, "Ni mama yangu."

Nikatoa kwenye mfuko kile kitabu. Huwa naenda nacho kuwaonyesha mshono, lakini jalada nilishalifunika kwa karatasi ya kaki. Nikaichana. Aneth akakipeleka kwenye ule mstari wa mwanga, akasoma kwa sauti, jalada kwanza, kisha ndani. Nikawaeleza yote: baraza, kidole chako juu ya jalada, swali lako, jibu langu, orodha niliyokuwa naihamisha. Sikujitetea.

Ma Justa akauliza, "Kwa hiyo nje ni Kemilembe, na ndani ni Kemilembe?"

"Ndiyo."

"Sasa Paskazia wa watu umemlaza wapi? Nje kwenye mvua?"

Mmoja akacheka, akajizuia. Mimi nilishindwa kujizuia kwa upande wangu. Ma Justa akanipiga kofi dogo la goti. "Usilie jikoni kwa wenyewe, watasema kuni zao zina moshi." Kisha akasema taratibu, "Hukujua kwamba alikuwa anaweka jina la mtoto anayemsikiliza? Kwangu alikuwa Justa. Kwako Kemilembe. Angekuwa na mtoto mwingine mbele yake, angekuwa huyo."

Nikamkumbuka Neema barazani, uso umekunjwa. Bibi, mbona hapa si Neema? Mtoto hakuwa amechanganyikiwa. Kila aliyekuja kwako analia, ulimpa hadithi yenye jina lake ndani. Mimi nilipata kitabu kizima chenye nafasi, na sikukuweka hata kwenye jalada.

Tulitoka nje kufanya kazi. Aneth alichora mgomba, na ndizi zake zikaangalia chini. Kabla sijasema neno, Ma Justa alishainama juu ya karatasi. "Mwalimu wa watoto, huu mgomba unaumwa nini?" Nikalazimika kwenda pembeni.

Tulibishana juu ya jina la mtoto. Mimi nilitaka aitwe Paskazia, nikijua kabisa kwamba nilikuwa najilipia. Ma Justa alikataa. "Yeye hakujiweka hata siku moja. Acha pawe wazi. Anayesoma ataweka wa kwake." Kwa hiyo kila penye jina la mtoto tumeacha mstari mtupu, ili mama au mwalimu ajaze kwa penseli jina la mtoto aliye mbele yake, afute, ajaze lingine.

Kisha ukurasa wa kwanza. Msimulizi akaandika jina lake, Justa, herufi tano zilizofuzu mbele ya kuku. Mwandishi nikaandika la kwangu, dogo. Mchoraji, Aneth. Nilipofika mstari wa nne, Ma Justa akaichukua kalamu mkononi mwangu.

"Wewe nafasi yako ulishaipata. Niandikie pembeni nifuatishe."

Nikaandika pembeni, kwenye kipande cha boksi. Akafuatisha, ulimi nje, akipumzika kila baada ya herufi mbili. Ile z imegeukia upande usio wake. Sikuisahihisha, na sitaruhusu mtu aisahihishe. Jina lako lipo ukurasa wa kwanza, Mama, limeandikwa na mtoto uliyembeba akiwa amejikata mguu.

Nimelitafuta pia daftari langu la zamani, lile la siku ya baraza. Sikuufuta ule mstari. Nimeandika chini yake, na tarehe ya leo: Si kweli. Mama aliuliza jina lake liko wapi, na mimi nikamwambia mtunzi ni yule anayeandika.

Kwenye nakala niliyojishonea, mistari ya mtoto ilikuwa bado mitupu. Tangu Jumamosi nilikuwa najiuliza nijaze nani. Neema ni mkubwa sasa, yuko shuleni mbali. Leo asubuhi nikiwa naanika nikakumbuka sheria yako: anayewekwa ni yule anayesikiliza. Nikaenda kutafuta penseli.

Naona wingu limeondoka. Kahawa itakauka bila mimi. Ndizi za mchana nimeshazimenya, hazijainjikwa, na nikikosea zikabaki ngumu basi nitazila hivyo hivyo. Naingia jikoni sasa. Jani la dirisha nimelikata, na kitabu kiko kwapani, kina jina lako kila mahali palipokuwa wazi.

Haya, Mama. Sasa ni usiku. Palikuwa na mtoto mmoja, anaitwa Paskazia.

Mwanao uliyemtuma moto,
Kemilembe